Majira Niliyofunga Magurudumu Mwenyewe

Jumamosi, 5 Oktoba

Asubuhi kioo cha gari kilikuwa kimetandwa barafu nyembamba, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Nilijua Halvard ataiona, na akaiona. Alisimama dirishani na gongo lake, akawa ananionyesha nje kwa mkono wa kushoto.

"Ng'ombe," akasema. "Ng'ombe. Miguu."

Hatujawahi kufuga ng'ombe. Nikamuuliza kama anataka maziwa, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama ameota ndoto. Akagonga kioo kwa gongo mpaka nikaogopa kitavunjika. Viazi vilikuwa vimeshachemka ndipo nikaelewa: ng'ombe ni gari, miguu ni magurudumu. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu huwa uani anafunga magurudumu ya baridi, yenye matairi ya theluji.

Kiharusi kilimkuta Agosti akipasua kuni. Kilimnyang'anya mkono wa kulia na maneno. Akili ipo, kila mtu hospitalini anasema hivyo. Ila neno analolitaka halikuti pale alipoliacha, basi anachukua lililo karibu. Synnøve, mtaalamu wa usemi anayemfundisha kila Jumanne hospitalini kule mjini Tromsø, aliniambia, "Mpe muda, mama. Subiri mpaka alipate mwenyewe." Rahisi kwake. Yeye hukaa naye saa moja kwa wiki.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Nimefua mashuka.

Jumatano, 9 Oktoba

Ingunn amepiga simu kutoka Oslo. Binti yangu hana salamu ndefu.

"Mama, nimeona fleti Tromsø. Karibu na hospitali. Ya chini, hakuna ngazi, hakuna theluji ya kuondoa."

"Baba yako haondoki hapa. Ukimtoa bondeni utakuwa umemzika."

"Amesema hivyo?"

"Mambo mengine hayahitaji kusemwa."

Hilo akaliacha. Kisha, "Na wewe unalala?"

Nikamwambia nalala. Baada ya simu nilikuta nimeweka sabuni kwenye jokofu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Magurudumu yamefika kwa lori la duka. Ninakaa kwenye mashine ya malipo pale dukani nusu siku, kwa hiyo niliyapokea mwenyewe na kuyaviringisha mpaka kwenye gari huku wateja wakitazama. Gari letu ni la umeme. Halvard alilinunua majira ya kuchipua, yeye aliyefagia theluji mlima wa Rundfjellet maisha yake yote kwa gari kubwa la dizeli. Alilipenda kwa sababu halina kelele. Lilikuja na magurudumu ya kiangazi tu.

Haya niliyonunua si ya kiwanda kilichotengeneza gari. Ni ya kampuni nyingine, rimu nyeusi, matairi ya misumari tayari yamevalishwa. Ndani ya boksi kulikuwa na mfuko wa plastiki: bolti mpya na pete nne za plastiki.

Gereji wamesema nafasi ni mwisho wa Novemba. Theluji haitangoji gereji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshafunga. Mgongo wangu umekatika, lakini nimefunga.

Nilianza baada ya kifungua kinywa. Nilimkalisha Halvard kwenye kiti mlangoni mwa banda la gari, blanketi la sufu magotini, kofia masikioni. Nilidhani atafurahi. Kitabu cha gari kinasema betri imelala chini ya tumbo lote la gari, kwa hiyo jeki haiwekwi ovyo. Kuna sehemu nne tu zinazokubali kubeba, na lazima uweke kipande cha mpira katikati. Nililala chini kwenye saruji baridi na tochi mdomoni nikitafuta hiyo sehemu ya kwanza. Halvard aligonga gongo, mara mbili kushoto. Nikasogea kushoto. Ikawa hapo hapo.

Gari la umeme ni zito jamani. Lilipanda kidogo kidogo kama mzee anayeinuka kanisani.

Ndipo Arnljot akaja. Arnljot ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mstaafu wa kiwanda cha samaki, na mdomo wake haujawahi kustaafu.

"Eldbjørg! Mama fundi! Unaniibia kazi yangu?"

"Kazi gani? Umewahi kufanya kazi?"

"Sogea nikuonyeshe wanaume wanavyofanya."

Nilisogea. Sitasema uongo, nilishukuru. Magurudumu ya zamani yalitoka, nikasugua kutu kwa brashi ya waya, tukaingiza zile pete za plastiki kwenye tundu la katikati ili gurudumu likae sawasawa. Nilipochukua bolti za mfukoni, Arnljot akanishika mkono.

"Hizo achana nazo. Vitu vya mfukoni hivyo, vya bei ya karanga. Una hizi za kiwandani, zilizotoka sasa hivi, chuma chenyewe. Zinaingia?"

Nikajaribu. Zikaingia.

"Basi! Kitu kikiingia kimekubali."

Halvard akaanza. "Yai," akasema. "Yai. Yai!"

Arnljot akacheka. "Mzee kasikia njaa."

"Umeshakula, Halvard," nikamwambia. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye nywele.

"Yai!" Alikuwa ameinua bolti moja ya zamani kwa mkono wa kushoto, akinisukumia usoni. "Yai! Si... si... yai!"

Nikaingia ndani, nikavua buti, nikanawa, nikachemsha yai, nikalimenya, nikamletea kwenye kisahani na chumvi pembeni. Akalitazama. Kisha akalichukua na kulirusha ukutani.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia nimechoka kuwa mke wa mtoto mchanga mwenye ndevu. Nilisema mbele ya Arnljot. Halvard akageuza uso.

Tukamaliza. Niliteremsha gari, nikakaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" ikitosha. Nilizisikia zote zikilia. Ule mfuko wa bolti niliutupa kwenye pipa la banda.

Jumapili, 13 Oktoba

Siwezi kuinua mikono kuchana nywele.

Jumanne, 15 Oktoba

Tromsø na kurudi. Barabara kavu. Halvard aligoma kupanda gari. Aliinama kwa shida akaweka kiganja kwenye gurudumu la mbele, kama daktari anayepima homa, na alipoinuka macho yalikuwa yamejaa machozi. Synnøve alisema hiyo ni kawaida baada ya kiharusi, watu hulia kirahisi. Niliichukua kauli yake nikaiweka mfukoni, nikafarijika nayo njia nzima.

Taa ya upepo wa matairi inawaka kwenye dashibodi. Arnljot anasema ni kwa sababu magurudumu mapya hayana kile kidude cha kupima. Nisiijali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekaza tena bolti, kama inavyotakiwa baada ya safari ya kwanza. Kadhaa zilizunguka kidogo kabla ya kulia. Arnljot kasema huo ni ukaaji tu, chuma kinazoeana na chuma.

"Kama ndoa," akasema.

"Wewe ndoa unaijulia wapi?" nikamjibu. Nikajuta papo hapo. Mkewe aliondoka zamani. Akacheka, lakini alirudi kwake mapema.

Jumapili, 20 Oktoba

Theluji.

Jumatatu, 21 Oktoba

Theluji. Nimeondoa ya mlangoni kwa beleshi kabla ya kwenda dukani, nimerudi nimeikuta imerudi.

Jumanne, 22 Oktoba

Rundfjellet, mlima tunaovuka kwenda Tromsø, palikuwa peupe juu mpaka chini. Tairi zilishika vizuri. Kuna mngurumo upande wa mbele, unakuja na kuondoka. Halvard alipiga mkono kwenye dashibodi kila ulipokuja. "Yai," anasema. Neno hilo hilo wiki nzima. Mezani, kitandani, chooni. Jana nilimpikia mayai kwa siagi na kitunguu, akala kwa uchungu kama anayekula barua mbaya.

Nilimuuliza Arnljot kuhusu mngurumo.

"Misumari hiyo, mama. Inaimba. Ungekuwa na gari la dizeli usingeisikia."

Jibu lake lilikuwa jepesi na kamili, na nilikuwa nimechoka. Nililimeza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Halvard anatoka kwenda bandani bila kuniambia. Nimemkuta amekaa kwenye kiti gizani akitazama gari, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Nimemrudisha ndani. Vidole vilikuwa vya baridi kama samaki.

Jumatatu, 28 Oktoba

Synnøve kapiga kukumbusha saa ya kesho. Ingunn kapiga kuuliza kama nimefikiria. Nimefikiria nini? Nafikiria kuni.

Jumatano, 30 Oktoba

Jana sikuandika. Leo sijaenda dukani, nimeomba ruhusa. Nitaandika polepole.

Jana asubuhi tulipokuwa tukijiandaa, nilimkuta Halvard anaburuta jeki kwa mkono mmoja kuelekea kwenye buti ya gari. Gongo lilikuwa limeanguka, na yeye anayumba. Nikamkemea. Hakuniachia. Tulivutana jeki ile mlangoni kama watoto wanaogombea kigari cha theluji, mpaka nikaona tutachelewa. Nikaitupia kwenye buti ili anyamaze. Akaonyesha spana. Nikaitupia nayo. Akaonyesha kipande cha mpira. "Na kiti je, hutaki?" nikamwambia. "Na kabati la vyombo?" Akapanda gari.

Kwenda tulienda salama. Tulipoondoka hospitalini theluji ilikuwa imeanza kuanguka kwa mshazari, na mwanga wa alasiri ulikuwa unaisha kama unavyoisha sasa, ghafla. Tukaanza kupanda Rundfjellet. Mngurumo ulirudi. Nikaongeza sauti ya redio.

Karibu na kilele usukani ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, kwenye vidole. Kisha mpaka kwenye viwiko. Nikasema moyoni ni barafu iliyogandamana kwenye tairi. Kisha kukawa na kugonga, ko, ko, ko, chini ya miguu yangu. Upande wa kulia ni mwamba. Upande wa kushoto hakuna kitu, ni vijiti vya kuonyesha ukingo wa barabara na halafu ni hewa.

Halvard akanishika mkono.

"Simama," akasema.

Neno zima. Neno lenyewe. Tangu Agosti sikuwa nimelisikia neno likitoka kinywani mwake likiwa limenyooka hivyo, na mguu wangu ukatii kabla ya kichwa. Sikukanyaga kwa nguvu, nililiachia gari lipungue lenyewe, na yeye akanielekeza kwa kidole: mbele, mbele kidogo, hapo. Ilikuwa sehemu pana ambapo magari ya kufagia theluji hugeuzia. Aligeuzia hapo maisha yake yote.

Nikashuka. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeinamia nje, kama jino la mtoto. Bolti mbili hazikuwepo. Zilizobaki nilizizungusha kwa vidole. Kwa vidole tu! Nikakaa kwenye theluji. Nilitazama vile vijiti vya ukingoni na ile hewa, nikatapika pale pale.

Nikapiga simu ya magari ya kuvuta. Mtu wa upande wa pili alikuwa mpole. Akasema lori limelala njia nzima kule chini upande wa Tromsø, hapiti mtu, tungoje. Tungoje mpaka lini, hajui. Nikatazama kipimo cha betri. Baridi ilikuwa imeshaila zaidi ya nilivyodhani, na joto la ndani linatoka humo humo.

Nikarudi kukaa ndani, nikafunga mlango. Nikamwambia Halvard tunangoja.

Yeye akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa mfuko wa plastiki. Zile bolti nilizozitupa. Alikuwa amezitoa kwenye pipa, na alikuwa akitembea nazo tangu siku ile.

Akachukua moja, akanishikisha kiganjani. Kisha akanielekeza nje, nilete moja ya zamani. Nikaenda nikaleta. Akaziweka pamoja mbele ya taa ya ndani. Sikuwahi kuzitazama hivyo. Pale chini ya kichwa, mahali bolti inapokaa kwenye rimu, ya zamani ni ya mviringo.

"Yai," akasema, akaigusa.

Akaigusa mpya. Hiyo imechongoka kama faneli. "Si yai."

Kisha akakunja vidole akatengeneza tundu, akaingiza ile ya mviringo, akaitikisa. Ikacheza. Akaingiza ile ya faneli. Ikakaa kimya.

Rimu hizi si za kiwanda cha gari. Matundu yake yamechongwa kwa bolti zake. Zile za zamani zilikuwa zinaingia, ndiyo, na zilikuwa zinalia "tak", lakini zilikuwa zimegusa kwa mstari mwembamba tu, na kila safari zilijifungua. Mume wangu aliliona hilo siku ya kwanza, kutoka kwenye kiti, kwa kutupa jicho tu. Akasema. Akasema tena. Aliendelea kusema majuma yote hayo kwa neno moja alilokuwa nalo, na mimi nikamchemshia.

"Nilimsikiliza mwenye maneno," nikamwambia. Nililia kidogo. Akaniacha nilie, kisha akagonga dashibodi: kazi.

Tukafanya kazi. Yeye alikaa ukingoni mwa mlango uliofunguliwa, miguu nje, akishika tochi kwa kwapa la mkono usiofanya kazi na bolti kwa ule mzima. Mimi nilichimba theluji chini ya gari kwa mikono, nikapata sehemu ya jeki, nikaweka mpira. Gari likapanda. Gurudumu likatoka lenyewe, halikungoja kuvutwa. Alipitisha dole gumba kwenye kila tundu. Mawili yalikuwa yameliwa pembeni. Akakunja uso, akayumbisha kiganja: litafika, lakini taratibu. Nikalirudisha, nikaingiza bolti mpya kwa mkono kwanza, kwa kupishana, jinsi alivyoninyooshea kidole. Kila nilipotaka kuharakisha alisema "a-a". Nilikuwa sihisi vidole. Mara moja spana iliniteleza nikaumia fundo la kidole, nikatukana tusi la kizamani la mama yangu, na Halvard akacheka. Akacheka kweli, kwa tumbo.

Magurudumu mengine hayakuhitaji jeki. Tulitoa bolti moja, tukaweka moja, tukahamia nyingine, mpaka tukazunguka gari lote.

Tulipokuwa tukimaliza likaja gari la kufagia theluji kutoka upande wa nyumbani, taa zake za manjano zikizunguka. Dereva alisimama, akashusha kioo, akamtambua Halvard. Hakuuliza mengi. Aligeuza akatutangulia. Tulishuka mlima nyuma yake kwa mwendo wa jeneza, kwenye njia safi, na Halvard aliweka mkono wa kushoto juu ya goti langu mpaka taa za bondeni.

Uani nilizima gari. "Nisamehe," nikamwambia.

Akafikiri. "Kahawa," akasema.

Nikangoja, kama Synnøve alivyosema, maana sikujua kahawa ni nini safari hii. Kusamehe? Kitanda? Nyumbani?

"Kahawa kweli?" nikauliza mwishoni.

"Kahawa kweli," akasema, akinishangaa.

Ijumaa, 1 Novemba

Arnljot amekuja. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa siku mbili. Nikamwekea bolti mbili mezani, yai na faneli, nikamweleza. Akazichukua, akazilinganisha.

"Ningewaua," akasema.

"Mimi ndiye niliyezifunga."

"Mimi ndiye niliyesema." Akazungusha kofia mikononi. "Eldbjørg, kule kwangu hakuna mtu wa kuzungumza naye. Nikivuka barabara yananitoka yote, yenye akili na yasiyo nayo."

Yale maneno niliyoyanoa sikuyatumia. Alimgeukia Halvard. "Mzee, nimekukosea. Nilikucheka."

Halvard akatafuta, akatafuta. Nilikaa juu ya mikono yangu ili nisimsaidie. "Mdomo," akasema.

"Ndiyo, mzee. Mdomo."

Jumamosi, 9 Novemba

Arnljot ameagiza rimu mpya badala ya ile iliyoliwa, na tairi lake. Hakukubali kukataliwa. Leo wameifunga. Halvard kwenye kiti, Arnljot chini.

"Sema wewe, mzee, mimi nanyamaza."

Alinyamaza kweli. Ilimwia vigumu kuliko kazi yenyewe, alikuwa mwekundu shingoni. Halvard alielekeza kwa gongo.

Jumanne, 12 Novemba

Mlima. Salama. Nimechoka.

Jumanne, 19 Novemba

Mlima. Upepo. Barabara ilifungwa, tukangoja kwenye foleni. Nimechoka.

Ijumaa, 22 Novemba

Jua halipandi tena juu ya mlima wetu, na halitarudi mpaka Januari. Mchana ni rangi ya bluu kwa muda, halafu basi. Nimeondoa theluji ya paa la banda. Nilianguka kutoka kwenye ngazi, si juu sana. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 26 Novemba

Mlima. Halvard alimwambia Synnøve sentensi: "Mke wangu anaendesha vizuri." Synnøve alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti cha korido, nikaambiwa baadaye.

Jumanne, 10 Desemba

Mlima. Nimelala na buti miguuni.

Jumatatu, 23 Desemba

Ingunn amefika. Alinikumbatia mlangoni kisha akanishika mabega akanisukuma mbali anitazame. "Umekonda, mama." Nikamwambia ni nguo nyeusi.

Alhamisi, 26 Desemba

Tumekula mbavu za kondoo zilizobaki. Nilikuwa najua Ingunn atasubiri sikukuu ipite ndipo aseme, na amesema, kabla sahani hazijaondolewa.

"Ile fleti bado ipo. Wananitunzia mpaka katikati ya Januari."

"Ingunn, tumeshazungumza. Baba yako hawezi kuishi—"

Halvard akapiga meza kwa kiganja. Glasi zikaruka.

Nikajisikia mwenyewe nikiongea. Mlimani nilidhani nimejifunza, na bado nilikuwa nikimsemea mdomoni, kwa mapenzi, lakini nikimsemea.

"Muulize yeye," nikamwambia Ingunn. "Halafu ungoje."

"Baba," akasema Ingunn, "unataka kukaa hapa, au kuhamia mjini?"

Halvard akafungua kinywa. Neno halikuwepo. Ingunn akavuta pumzi amsaidie, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tukangoja. Mshumaa ulidondosha nta kwenye kitambaa na hakuna aliyeugusa. Niliona neno likimpanda shingoni na kushuka, likipanda na kushuka.

"Eldbjørg," akasema.

"Nipo."

Akatikisa kichwa. Hakuwa ananiita. "Eldbjørg... amechoka."

Nikasema sijachoka. Akaninyooshea kidole kama alivyofanya mlimani: a-a.

"Ngazi," akasema. "Kaanguka. Nimeona."

Ingunn akanigeukia. Nikatazama sahani.

"Mimi," akaendelea, na sasa jasho lilikuwa likimtoka, "nimefagia. Mlima. Sana." Akapumzika. "Basi. Mji. Twende mji."

"Lakini wewe unalipenda bonde hili, Halvard," nikasema. "Mimi nilikuwa nakaa kwa ajili yako."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akajigusa kifua. Akanigusa mimi.

"Mimi," akasema, "kwa ajili yako."

Ingunn alicheka na kulia kwa pamoja, akainuka kwenda kuosha vyombo ili atuachie chumba. Sisi wawili tulibaki. Kila mmoja alikuwa amevumilia baridi hii kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 4 Januari

Tumeandika barua kwamba tunaichukua ile fleti. Tutahama theluji ikiyeyuka. Nilimwambia Arnljot mwenyewe, uani. Alisema vizuri, vizuri sana, akasema mjini kuna mikahawa, akasema atakuja kutusumbua. Kisha akachukua beleshi langu akaondoa theluji ya njia yote mpaka barabarani.

Jumanne, 14 Januari

Mlima. Salama.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kwenye kochi kidogo tu. Nikasikia maji jikoni. Halvard alikuwa anaosha vyombo, kwa mkono mmoja, akiegemea sinki. Nilitaka kuinuka, nikamwambia angoje, nitaosha mimi.

"Lala," akasema.

Nikasikia kikombe kikianguka na kuvunjika. Nikasikia tusi, safi kabisa, kila herufi mahali pake. Kisha ufagio.

Nikageukia upande wa pili, nikaendelea kulala.